Chai nyeupe haipikwi

Ukiagiza chai nyeupe katika mgahawa wowote wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, utaletewa chai ya maziwa, na mhudumu hatakuwa amekosea. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku chai ni ya rangi au ya maziwa, na kati ya hizo iliyo nyeupe ni hiyo ya pili. Ndiyo maana mpwa wangu aliporudi kutoka Guangzhou alikokwenda kufuata mzigo wa simu, akanipa kopo dogo na kuniambia, "Mjomba, hii ni chai nyeupe, ndiyo wanayokunywa wenyewe," nilidhani ni majani yaliyochanganywa na maziwa ya unga.

Ndani ya kopo hakukuwa na unga. Kulikuwa na vitu vyembamba vilivyochongoka, urefu wa kama pingili moja ya kidole, vya rangi ya fedha, na kila kimoja kimefunikwa na vinyoya laini kama malaika ya mkono wa mtoto. Nikavipika kama tunavyopika chai nyumbani: sufuria, tangawizi ya kuponda, iliki, sukari, moto mkali mpaka vikatokota dakika kumi. Mama yangu, ambaye amekunywa chai zaidi ya miaka sabini, alionja mara moja akauliza kama majani yamekwisha dukani. Nusu ya kopo iliishia hivyo hivyo kabla sijaelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye neno "kupika".

Nimeamua kuandika kwa sababu chai hii imeanza kuonekana mijini kwetu, na inakuja na maneno mengi: inaondoa sumu mwilini, inakata mafuta ya tumbo, inazuia saratani. Katika maneno hayo mna chembe za ukweli ndani ya gunia la biashara. Kuzitenganisha kunataka kwanza mtu aelewe chai nyeupe imetengenezwaje.

Mti ni ule ule

Chai zote unazozijua kwa jina, nyeusi, ya kijani, nyeupe na hata ile ya oolong, zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Mmea uliopo Mufindi, Rungwe na Lushoto ni ndugu wa damu wa ule uliopo China. Kinachozitofautisha zaidi ni yale yanayolipata jani kuanzia dakika linapochumwa.

Watu wa Tabora hawahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. Mkulima wa tumbaku ya mvuke anajua kwamba jani lililoiva vizuri shambani linaweza kuharibikia ndani ya bani, ile nyumba ya kukaushia, na kwamba rangi atakayolipwa nayo sokoni inaamuliwa na joto, unyevu na saa. Chai ni hivyo hivyo.

Chukua bilinganya, ikate, iache mezani. Baada ya muda mfupi nyama yake nyeupe inageuka kahawia. Ndani ya mmea kuna kimeng'enya, kitu kinachochochea mabadiliko ya kikemia, na kuna kundi la kemikali ziitwazo polifenoli, na mmea ukiwa mzima vitu hivi viwili vinakaa vyumba tofauti. Kisu kinapovunja kuta, vinakutana, oksijeni ya hewani inaingia katikati, na rangi inabadilika. Jani la chai lina polifenoli nyingi sana, kwa hiyo badiliko hilo kwake ni kubwa.

Chai nyeusi, ambayo kwetu ndiyo chai yenyewe, hutengenezwa kwa kulazimisha mkutano huo. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinatumia mashine zenye meno ambazo asili yake ni Assam, India, miaka ya 1930. Jani linasagwa, linachanwa na kukunjwa hadi linakuwa punje. Kila ukuta umevunjika. Punje zinaachwa zigeuke rangi ya shaba, kisha zinakaushwa kwa joto kali. Viwandani hatua hiyo huitwa kuchachusha, ingawa hakuna chachu inayohusika. Matokeo yake ni chai inayotoa rangi upesi na yenye nguvu ya kusimama mbele ya maziwa na tangawizi. Siidharau hata kidogo. Ilitengenezwa kwa kazi hiyo na inaifanya vizuri.

Chai ya kijani inakwenda njia ya pili: jani linapigwa joto mapema, kwa mvuke huko Japani na mara nyingi kwa karai la moto huko China, ili kimeng'enya kife kabla hakijafanya kazi.

Chai nyeupe haifuati njia yoyote kati ya hizo. Haisagwi, haifikichwi, wala haitiwi motoni mapema. Inachumwa, inatandazwa nyembamba juu ya nyungo za mianzi, na inaachwa inyauke kwa muda wa siku moja na nusu hadi siku tatu, juani kidogo au ndani ya chumba chenye hewa. Mwishoni inamaliziwa kwa joto dogo ili unyevu uliobaki utoke. Basi.

Ukisikia "inaachwa inyauke" unaweza kudhani ni kazi ya mvivu. Nenda Kibirizi, kando ya ziwa, asubuhi uwatazame wanawake wanaoanika dagaa. Wakitandaza nene, dagaa wa chini wanavunda kabla hawajakauka. Jua likiwa kali kupita kiasi, wanakuwa wakavu nje na wabichi ndani. Wingu likisimama upande wa Kongo, kila mtu anaangalia juu. Mwanamke yule angemwelewa mtengenezaji wa chai wa Fuding, huko China, bila mkalimani, kwa sababu wote wawili wanafanya kazi ya kuondoa maji polepole bila kuruhusu kitu kiharibike, na wote wawili wanategemea upepo. Chai ikikauka haraka mno inabaki na harufu ya majani mabichi. Ikichelewa inasawijika.

Hapa ndipo penye dai la kwanza la kusahihishwa. Wauzaji husema chai nyeupe ndiyo ambayo haijaguswa kabisa na oksijeni. Si kweli. Katika siku hizo za kunyauka, kuta chache za jani hulegea zenyewe na mabadiliko madogo hutokea. Chai ya kijani, iliyouliwa kimeng'enya chake mapema, kwa kawaida ndiyo iliyobadilika kidogo zaidi. Nyeupe ni chai iliyosumbuliwa kidogo zaidi, na hayo ni mambo mawili tofauti. Utamu wake unatokana na mabadiliko hayo ya polepole.

Kitovu chake ni mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa China, hasa Fuding na Zhenghe. Daraja la juu huitwa Bai Hao Yinzhen: ni matumba peke yake, yaani jani la nchani ambalo bado halijafunguka, linalochumwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Ndicho kilichokuwa kwenye kopo langu. Linalofuata ni Bai Mudan, tumba pamoja na jani moja au mawili changa. Shou Mei ni majani makubwa zaidi, bei nafuu, rangi nzito. Siku hizi chai nyeupe hutengenezwa pia Kenya, na huko Malawi katika mashamba ya Thyolo. Kwa mtu aliyezoea chai ya rangi ningeshauri aanze na Bai Mudan, kwa sababu tumba peke yake ni laini mno kwa ulimi uliokulia kwenye tangawizi.

Jina linatokana na ile malaika nyeupe juu ya tumba. Kinywaji chenyewe ni cha njano hafifu. Na ladha? Harufu ya nyasi kavu zilizopigwa na jua la asubuhi, tikiti kwa mbali, na ukishameza, utamu fulani kooni, kama uliobaki kwenye kikombe kilichokuwa na asali ya Tabora kikasuuzwa mara moja tu.

Kuhusu afya, nitakavyosema kwa mama yangu

Chai nyeupe ina katekini, aina ya polifenoli ambazo kwenye mabomba ya maabara huzuia uharibifu wa seli. Hilo halina ubishi. Ubishi ni pale bomba la maabara linapogeuzwa kuwa mwili wa mtu. Utafiti mwingi kuhusu chai nyeupe umefanywa kwenye seli na wanyama. Ule wa watu ni mdogo, na sehemu kubwa ya yanayosemwa juu yake imeazimwa kutoka kwenye chai ya kijani. Hata ya kijani, ambayo imechunguzwa sana, faida zinazoonekana kwa watu ni za wastani, kwa mfano kushusha kidogo lehemu mbaya kwenye damu. Anayekuambia itakutibu saratani au kisukari anakuuzia. Mwenye dawa za presha au sukari aendelee nazo na asikilize daktari wake.

Vidonge na unga wa chai uliokolezwa, vinavyouzwa kwa watu wanaotaka kukonda, ni suala jingine na ni zito. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa maoni mwaka 2018 kwamba kula gramu 0.8 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai, kwa njia ya vidonge, kunahusishwa na dalili za ini kuumia. Kikombe cha chai hakina mzigo huo. Kidonge kinaweza kuwa nao.

Halafu kafeini. Utasikia chai nyeupe ina kafeini kidogo, kwa hiyo inafaa usiku. Si lazima. Mmea wa chai hurundika kafeini nyingi zaidi kwenye chipukizi changa kuliko kwenye majani makuukuu, kwa sababu kafeini ni kinga yake dhidi ya wadudu, na wadudu hutafuta palipo laini. Kikombe cha chai nyeupe mara nyingi huwa chepesi kuliko cha nyeusi kwa sababu ya jinsi kinavyoandaliwa: maji si ya moto sana na jani ni zima. Loweka kwa muda mrefu na kafeini itatoka. Mamlaka ile ile ya Ulaya inaona mtu mzima mwenye afya hapati shida akiwa chini ya miligramu 400 kwa siku, na mjamzito chini ya 200, tukihesabu vinywaji vyote pamoja na kahawa ya kijiweni.

Linalonigusa zaidi ni damu. Polifenoli zile zile zinazosifiwa hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na nafaka, na kuyazuia yasiingie mwilini. Hii ni kwa chai zote, nyeupe ikiwemo. Kwetu, ambako wanawake wajawazito na watoto wengi wana upungufu wa damu, na ambako chakula cha mchana mara nyingi ni ugali na maharage vikifuatiwa na kikombe cha chai, jambo hili lina uzito kuliko sifa zote za kwenye pakiti. Subiri saa moja hadi mbili baada ya kula. Na vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki visimezwe kwa chai ya aina yoyote. Vimezwe kwa maji, na ikiwezekana pamoja na chungwa.

Sasa niseme ninachoamini mimi baada ya kuinywa chai hii kwa muda: kwa mtu wa Kigoma faida yake kubwa ya kiafya inatokana na vile ambavyo chai yenyewe haivitaki.

Cha kwanza ni sukari. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4 hivi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku, na ingependeza zaidi zikiwa chini ya 25, tena kwa vyakula vyote. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo, hata ya Tabora. Chai nyeupe ukiitia sukari unaizika. Ukiizoea, unazoea kunywa kitu cha moto kisicho na sukari, na tabia hiyo inahamia kwenye vikombe vingine. Kwangu ilihama. Chai ya rangi sasa naitia kijiko kimoja.

Cha pili ni joto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Shida ni joto lenyewe, haijalishi ni chai, kahawa au maji. Afrika Mashariki ni mojawapo ya maeneo duniani ambako saratani hiyo iko juu, ingawa sababu zake ni zaidi ya moja. Sisi tunasifia chai "inayounguza", na mgeni akiletewa ya vuguvugu anajiona hakuheshimiwa. Chai nyeupe inaanza safari ikiwa na nyuzi 80, na ikifika mdomoni imekwisha kupoa. Tena ladha yake haionekani mpaka ipoe.

Maji ya ziwa na maji ya mvua

Kuiandaa kunaanza na maji, na hapa Kigoma maji ni habari ndefu.

Novemba mwaka juzi mvua zilipoanza niliweka bilauri mbili mezani. Ndani ya kila moja nilitia kiasi sawa cha matumba, nilichokipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Moja nikaimwagia maji ya bomba, ambayo hapa mjini yanavutwa ziwani, na nyingine maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa, yote yamechemshwa na kupoozwa sawa. Matumba yalisimama wima, yakaelea, kisha yakaanza kuzama moja moja. Baada ya dakika tano bilauri ya mvua ilikuwa na njano safi, unaona kidole chako upande wa pili. Ile ya ziwa ilikuwa imekwisha elekea kahawia, kama chai ya rangi iliyozimuliwa, na ile harufu ya nyasi ilikuwa haipo.

Sababu iko ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe. Maji yake si ya chumvi mdomoni, lakini yana asili ya magadi: kipimo chake cha pH juu ya ziwa huwa karibu na 9, wakati 7 ndiyo katikati. Mto Ruzizi huleta madini, hasa magnesiamu, kutoka upande wa Ziwa Kivu, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke, madini yanabaki nyuma. Kila anayepika maharage anajua magadi hubadilisha rangi na ladha yake. Polifenoli za chai hazistahimili maji ya namna hiyo. Zinasawijika na kuharibika. Ndiyo maana tone la ndimu kwenye chai ya rangi huipausha ghafla: umeisogeza mbali na upande wa magadi, kuelekea upande wa asidi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima uchemshe, lakini hakuondoi madini hayo.

Chai nyeusi yenye tangawizi na maziwa haijali sana. Nyeupe haina pa kujificha. Tumia maji ya mvua, ukiacha mvua za kwanza zioshe bati, au changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Ndugu zetu wa Tabora wana bahati kidogo, kwani mji wao siku hizi unapata pia maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni laini zaidi.

Joto nalo halihitaji kipimajoto. Hapa tuko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanatokota yakiwa na nyuzi 97 hivi. Tabora, kwenye mita 1,200, ni 96. Chukua vikombe vitatu vya maji yanayotokota, ongeza kimoja cha maji yaliyochemshwa jana na kupoa kwa joto la chumba. Utapata nyuzi 80, au pungufu kidogo kwa sababu birika nalo linanyonya joto. Hizo zinatosha kwa matumba. Bai Mudan inavumilia zaidi, hadi 85, na Shou Mei haiogopi hata maji yanayotokota. China wapo wanaochemsha kabisa ile iliyokaa miaka mingi, lakini hiyo ni chai nyingine na bei nyingine.

Kipimo ni gramu 2 hadi 3 kwa kikombe. Usitegemee kijiko cha chai, kwa sababu matumba ni mapana na mepesi kama manyoya ya kuku. Utahitaji vijiko viwili vilivyojaa au zaidi. Loweka dakika tatu hadi tano, funika, kisha mimina yote. Usiache majani yakiogelea huku unazungumza. Usitupe majani hayo: yataloweka tena mara mbili au tatu, kila mara ukiongeza dakika moja au mbili. Mama yangu hupenda maji ya pili. Anasema ya kwanza bado yanajitambulisha.

Septemba na Oktoba, joto linapokuwa kali na mvua bado, naiandaa bila moto kabisa: gramu 5 au 6 kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, naweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ni tamu, haina ukali hata kidogo.

Kuihifadhi ndiko kulikonigharimu kopo la pili. Jani kavu la chai hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani, na mimi nililiweka kwenye rafu ya jikoni, mfuniko haukukaza, pembeni ya mfuko wa dagaa. Wiki mbili baadaye kila kikombe kilikuwa na ziwa ndani yake. Kopo la sasa ni la bati, limekazwa vizuri, linakaa kabatini chumbani, mbali na mwanga, mbali na mawese, na mbali na sabuni.